Jinsi ya kugawiana hamira adimu za bia ya nyumbani hapa Mombasa zisife njiani

Kitu kimoja nikiseme mapema kabla hatujaingia jikoni: hamira adimu ikikaa kwenye friji moja tu hiyo ushaipoteza, ni vile siku yake haijafika. Stima za hapa mwazijua, yaenda saa kumi jioni yarudi ikitaka, alafu kuna shangazi akija kutembea afungua friji aona kichupa cha tope jeupe nyuma ya mtindi, atupa, na huwezi kumlaumu. Kwa hivyo mimi kugawa sikuchukulii kama ukarimu, kugawa ndio kuhifadhi kwenyewe. Ukimpa mwenzako wa Likoni na mwengine wa Kisauni na wa tatu yuko Mtwapa, ikikufia wewe waenda kuomba ile ile uliyotoa.

Wapikaji bia wa mashambani kule Norway magharibi waliishi hivi hivi miaka na miaka, hamira yako ikichacha vibaya wabisha hodi kwa jirani, na ndio sababu zile hamira zao za kveik ziko mpaka leo. Hata viwanda vikubwa vilipita hapo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kukuza hamira tupu kutoka seli moja, na kiwanda badala ya kuifungia kabatini kikawagawia watengenezaji wengine. Sasa ikiwa Carlsberg waliweza, wewe mwenye ndoo mbili za lita 20 chini ya ngazi waficha nini.

Sheria haraka haraka kisha tuendelee: ile sheria ya vileo ya 2010, watu waiita sheria ya Mututho, yataka leseni kwa anayetengeneza kilevi. Hamira yenyewe si kilevi, nyingi ni jamii moja kabisa na ile ya mahamri, Saccharomyces cerevisiae, lakini utakachopika nayo ni juu yako, kwa hivyo jua umesimama wapi, usiuze, na walio chini ya miaka 18 wakae mbali. Na kama jirani hagusi pombe lakini aipenda hamira kwa mkate, mpe tu, itaumua, itachelewa kidogo kuliko ya pakiti.

Hatua ya 1: Chagua hamira inayostahili tabu

Si kila hamira yafaa kugawiwa. Zile pakiti kavu za gramu 11.5 za kawaida kama US-05 mtu aweza kuagiza, muache aagize. Hamira ya lager, bia ya kuchachia baridini, nayo yataka nyuzi 8 mpaka 13 hivi, sisi hapa mchana ni 28 mpaka 33 na usiku wa Januari joto halishuki sana, kwa hivyo kama huna friji ya kuchachushia peke yake hiyo ni mapambo. Hata hamira ya ale, bia ya kuchachia kwenye joto la wastani, inayotaka 18 mpaka 22 ukiiacha sebuleni Mombasa itakupa harufu ya rangi ya kucha, na kumbuka ndoo ikichemka yenyewe yaongeza nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba.

Zinazostahili hapa kwetu ni zenye kupenda joto. Kveik ndio mfalme, ya Voss yafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 mpaka 40, yaani ile chumba inayokutoa wewe jasho yenyewe yaona sawa kabisa, na kwa siku chache tu imemaliza. Ya Voss yatoa harufu ya machungwa, ya Hornindal yaelekea kwenye matunda ya nanasi nanasi. Alafu kuna hamira za saison, bia za mashambani za Ubelgiji, hizo pia zavumilia joto, lakini nyingi zina jambo lake ntalisema kwenye lebo. Na kuna zile za kwenye chupa: bia za Ubelgiji zenye mashapo chini, jamaa wa meli akishuka Kilindini na chupa ya Chimay usiioshe, yale mashapo ni hamira hai. Orval pia, ila jua Orval ndani yake mna Brettanomyces, hamira ya porini, ikiingia kwenye vifaa vyako vya plastiki kuitoa ni kazi.

Na ya kutoka nje: anayesafiri usimwambie akufichie kichupa kwenye soksi. Vijidudu hai kuingia nchini ni mambo ya vibali, uliza KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwanza. Pakiti ya dukani iliyofungwa haina maneno mengi.

Hatua ya 2: Vifaa, vyote vyapatikana mjini

- Presha kuka ya jikoni. Ile ya kupikia maharagwe. Ikifika presha yake kamili joto ni kama 121, dakika 20 zatosha kuua kila kitu.
- Vichupa vya plastiki vya kupimia mkojo, vipya, vyauzwa kemisti vimefungwa visafi. Cheka ukimaliza, hakuna kitu bora kwa bei hiyo.
- Bomba za sindano, bila sindano yenyewe, za mililita 5 na 10.
- Maji ya sindano, vile vichupa vya mililita 10 vya kuchanganyia dawa. Omba maji matupu, si ya chumvi.
- Spiriti ya asilimia 70. Ya 95 kavu haiui vizuri kama ya 70, ichanganye na maji yaliyochemshwa.
- Aga, ile chaina grasi ya kutengenezea faluda, maduka ya viungo ya mjini yanayo.
- Waya wa chuma mwembamba, ncha umeikunja kiduara kidogo kama tundu la sindano.
- Karatasi ya kuokea, vifuko vya kufunga kwa zipu, vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu.
- Kalamu ya maka isiyofutika kwa maji, na hii usiidharau.

Ukitumia Jik kwa vyombo ni vijiko viwili vya chakula kwa lita 4 za maji, dakika 20, alafu suuza na maji yaliyochemka. Usiichanganye na siki hata kwa bahati mbaya, yatoa gesi ya klorini na jikoni zetu ni ndogo.

Hatua ya 3: Chakula chake

Hamira ya kugawa yakuzwa kwenye maji ya kimea mepesi. Kama una unga wa kimea ni gramu 100 kwa lita moja ya maji, basi. Unga ukikosa, na hapa Mombasa mara nyingi wakosa, chukua kile kinywaji cha malti kisicho na kilevi cha supamaketi, soma lebo vizuri, kikiwa na benzoeti au sobeti rudisha kwenye rafu manake hivyo ni vihifadhi na kazi yake ni hiyo hiyo kuzuia hamira. Kisafi ukipata, toa gesi kwa kukoroga, changanya nusu kwa nusu na maji, chemsha. Tupia na kijiko cha chai cha hamira ya mkate iliyochemshwa mpaka ikafa, hiyo ni lishe, hamira hai zala zilizokufa, na kveik hasa yapenda kulishwa, ukiinyima lishe kwenye maji mepesi yazembea.

Hapa pana onyo la kweli. Maji ya kimea yaliyochemshwa tu kwenye sufuria usiyafunge kwenye jagi ukayaweka kabatini kwa wiki. Asidi yake ni ndogo, na mbegu za Clostridium botulinum, bakteria wa sumu kali, hazifi kwa kuchemka, kwenye chupa isiyo na hewa kwa joto letu zaamka. Ama uyapitishe kwenye presha kuka, ama uyapike siku hiyo uyatumie siku hiyo.

Hatua ya 4: Kuichota ikiwa safi

Watu wengi wachota tope la chini ya ndoo baada ya bia kwisha, na yafaa, lakini pale hamira imechanganyika na takataka za hopsi (maua ya kutia bia uchungu) na protini na imechoka. Mimi napenda kuiba mwanzo: ukitengeneza stata ya kupikia, yaani hamira unayoikuza kwanza kwenye maji ya kimea kidogo kabla ya kuitia ndooni, ifanye kubwa zaidi ya unavyohitaji, lita moja na nusu badala ya moja, alafu ile nusu lita waiweka kando kabla haijagusa ndoo yoyote. Hiyo ndio hamira safi kabisa utakayoipata nyumbani.

Ukichota kwenye ndoo basi usichukue bia kali sana wala yenye hopsi nyingi. Na kwa kveik kuna desturi, ya Voss yachotwa chini, ya Hornindal yachotwa juu kwenye povu, wazee wa kule wamezizoesha hivyo na ukibadilisha wachagua seli za tabia nyingine.

Kabla ya kuchota zima feni. Najua ni joto. Zima feni, funga dirisha, pangusa meza na spiriti subiri ikauke, alafu washa jiko la gesi moto mdogo ufanyie kazi kandokando yake, hewa moto yapanda juu na vumbi halishuki kwenye kichupa chako. Spiriti mbali na moto lakini, tumalizane na hilo.

Hatua ya 5: Kuifunga, njia nne

*Tope kwenye chupa.* Rahisi kuliko zote, kwa mtu atakayepika wiki hii au ijayo. Mimina mililita 50 mpaka 100 za tope zito kwenye chupa ya soda ya plastiki iliyotakaswa, acha theluthi moja wazi, ibonye hewa itoke ufunge. Plastiki, si kioo, manake hamira haijui kwamba iko safarini, yaendelea kutoa gesi, na chupa ya plastiki ikijaa waiskia kwa mkono lakini ya kioo yakuambia kwa kupasuka. Friji yakaa wiki mbili vizuri, mwezi kwa shida, baada ya hapo yataka stata kwanza.

*Kukausha.* Hii ni ya kveik tu, nasisitiza. Ale ya kawaida ukiikausha jikoni nyingi yafa, kveik yastahimili, na watafiti wameona yajiwekea sukari ya trehalosi kwa wingi inayozilinda seli. Paka tope kwenye karatasi ya kuokea, nyembamba, uwone karatasi kwa chini. Joto lisizidi 40. Kikaushio cha matunda ukiwa nacho vizuri, na kama huna basi hapa Mombasa adui si joto, adui ni unyevu, hewa yetu imejaa bahari. Kwa hivyo panga na majira: kaskazi ya Januari na Februari ndio wakati wake, masika ya Aprili na Mei usijaribu bila chumba cha eesi. Funika na kitambaa chepesi, feni ipulize kwa mbali isielekee moja kwa moja. Siku moja, mbili, mpaka ivunjike kama kashata kavu, ikipinda bado. Vunja vipande, tia kwenye kifuko na kipakiti cha silika, friza. Kwenye friza yakaa miaka. Na uzuri wake hiyo yatumwa kwenye bahasha ya kawaida, nusu kijiko cha chai chatosha mtu.

Wenzetu wa zamani kule Norway waliikaushia kwenye pete za mbao zilizochongwa zikawa na vijitundu vingi, wadumbukiza kwenye povu waning'iniza. Nimeona watu watamani kuchonga mwembe wafanye hivyo. Sikatazi, lakini mbao kwenye unyevu wa huku yaota ukungu kabla hamira haijakauka.

*Maji ya sindano.* Hii ndio naipenda kuliko zote na watu wengi hawaijui. Chukua hamira kidogo mno, ukubwa wa kichwa cha pini, kutoka kwenye aga (njia inayofuata) au tope safi lililosuuzwa, itie kwenye maji ya sindano mililita 3 mpaka 5 ndani ya kichupa kisafi, funga kabisa. Basi. Maji hayana chakula, hamira yakosa la kufanya, yalala. Njia hii yahusishwa na daktari Aldo Castellani aliyeiandika mwaka 1939, na huyo huyo ndiye aliyekuwa Entebbe mwanzo wa karne ile akichunguza ugonjwa wa malale, kwa hivyo joto la Afrika Mashariki alilijua. Yakaa miezi mingi bila friji, mradi kabati yenye kivuli, maabara hukaa nayo miaka. Stima ikipotea siku tatu haikuhusu. Sharti lake ni moja: hamira iwe safi, na iwe kidogo, ukitia nyingi maji yawe maziwa basi zilizokufa zalisha zilizo hai na faida yote imekwenda. Ikiwa unajua kutunza kitu kimoja tu, tunza hiki.

*Aga ya mteremko.* Kwa mwenye subira. Unga wa aga gramu 2 kwa mililita 100 za maji ya kimea, ile ya nyuzi nyuzi nguvu yake si sawa kwa hivyo pima mwenyewe mpaka ishike. Yeyusha, gawa kwenye vichupa vidogo vya glasi theluthi moja moja, presha kuka dakika 20 vifuniko vikiwa vimelegea, alafu vilaze vimeegemea mwiko vikagandie upande. Waya uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu, uache upoe hewani, gusa hamira, chora mstari wa nyoka juu ya ule mteremko. Siku mbili tatu nje kifuniko kikiwa kimelegea, ukiona utando wa rangi ya maziwa laini kaza weka friji. Miezi sita wahamishia kwenye mpya. Ukiona nyuzi nyuzi au kijani au waridi tupa kichupa kizima, usianze kujadiliana nacho.

Kuna na gliserini ya kemisti kwa friza, asilimia 15 mpaka 20 ya mchanganyiko, lakini friza za nyumbani zajiyeyusha barafu zenyewe, na ukijumlisha na stima zetu zinavyocheza hamira yaganda yayeyuka yaganda, seli zakatika. Wenye jenereta endeleeni.

Nani asifanye lolote kati ya haya: mwenye pakiti kavu iliyofunguliwa. Hiyo ifunge, friji nyuzi 4, itumike ndani ya siku 7 kama watengenezaji wanavyosema. Ukitaka kugawana pakiti gawaneni siku ya kufungua.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla hujampa mtu

Hapa ndio naona watu wakikosa adabu, samahani kwa kusema hivyo. Kumpa mtu hamira chafu ni kumharibia lita 20 na siku nzima ya kupika na gesi na pesa. Kwa hivyo mililita 100 za maji ya kimea safi kwenye jagi, tia tone la hamira yako, na jagi la pili lenye maji yale yale bila hamira uliweke kando yake. Siku tatu nne nje. Lile lisilo na hamira likichafuka basi chakula chako au mikono yako ndio shida. Lenye hamira linuse: mkate, matunda, machungwa, sawa. Siki, yai, jibini lililosahaulika, hapana. Juu pakiwa na utando mkavu wenye mikunjo pia hapana. Onja kidogo, uchachu mdogo ni kawaida na kveik yaleta uchachu zaidi kidogo, lakini ukali wa ukwaju ni bakteria.

Mwenye darubini ya shule, ya kukuza mara 400, nunua ile dawa ya buluu ya samaki wa tangi inayoitwa methilini buluu, tone moja: seli zilizokufa zashika rangi, zilizo hai zabaki nyeupe. Hesabu mia moja, ukikuta themanini na kitu ni nyeupe peleka. Na utaona pia kama kuna vijiti vidogo vyajisukuma kati ya seli, hivyo vijiti ni bakteria, hamira ni mviringo.

Hatua ya 7: Lebo

Andika kwenye chupa, si kwenye kifuniko, vifuniko vyabadilishana. Andika jina la hamira, ilitoka kwa nani na mahali gani kabla yake, kizazi cha ngapi, tarehe ya kufunga, joto inalopenda. Alafu mambo matatu watu husahau:

Je, ni diastaticus? Hamira nyingi za saison, kwa mfano Belle Saison, zina uwezo wa kukata wanga ambao hamira nyingine huacha, kwa hivyo zaendelea kula polepole hata ukidhani zimemaliza. Ikiingia kwenye bia nyingine kwa bahati mbaya ukaifunga kwenye chupa, wiki kadhaa baadaye chupa zapasuka. Chora fuvu kama hujui kuandika, mradi mtu ajue.

Je, yatoa harufu ya karafuu? Wengine waitafuta wengine waikimbia, bora useme.

Je, ni tupu au mchanganyiko? Kveik za asili kutoka mashambani mara nyingi ni hamira kadhaa pamoja na nyingine zaja na bakteria zake, ile ya dukani ni aina moja iliyotengwa. Zote mbili zaitwa jina moja na si kitu kimoja. Ukimwambia mtu "ni Hornindal" bila kusema ipi hujamwambia kitu.

Hatua ya 8: Kusafirisha

Ndani ya mji tuktuk yatosha, ila usiiache kwenye dashibodi foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, gari lililofungwa juani lafika joto la kuua hata kveik ikiwa tope. Tope na aga vyasafiri kwenye thamosi ya chai yenye pakiti ya barafu iliyofungwa taulo, visigusane moja kwa moja. Legeza kifuniko utoe gesi kabla ya kuondoka, kaza tena. Kwenda Nairobi mtu wa basi la usiku ni bora kuliko la mchana, na kama una jamaa yuko kwenye treni basi mpe mkononi, kifurushi kinachobebwa na mtu hakikai juani kwenye ofisi ya mizigo. Andika nje "hamira ya kuokea na kupikia, chakula hai, weka baridi", ni kweli na hakuna atakayeifungua kwa wasiwasi. Vipande vikavu na vichupa vya maji ya sindano havina tabu yoyote, bahasha tu.

Hatua ya 9: Wewe unayepokea

Usiitupe moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20, isipokuwa tope bichi. Panda ngazi kwa mara kumi kumi: kichupa cha maji ya sindano kiende kwenye mililita 10, zikichemka siku moja mbili ziende kwenye 100, hizo kwenye lita moja, hiyo kwenye ndoo. Kila ngazi nusa. Kveik yataka kidogo sana, kijiko cha chai cha tope kwa ndoo nzima, na ukizidisha harufu zake zapotea. Vipande vikavu viamshe kwenye maji ya kimea yenye joto la nyuzi 30 na kitu, masaa machache utaona vyatoa povu.

Na ukipokea, siku hiyo hiyo kabla hujafikiria bia, funga vichupa viwili vya maji ya sindano uweke kabati. Kimoja chako, kimoja cha mtu wa tatu.

Na mnazi je?

Nnaulizwa hili kila mara, kwa nini tuhangaike na za Norway na mnazi wetu unachacha wenyewe saa chache baada ya kugemwa. Swali zuri. Kwenye mnazi mna Saccharomyces cerevisiae kweli, lakini imekaa na bakteria wa asidi na mwengine aitwaye Zymomonas mobilis ambaye naye atengeneza kilevi kwa njia yake, na wote wazoea joto letu. Ukichukua tope la mnazi ukalitia kwenye maji ya kimea wapata kitu kichachu kisicho bia wala mnazi. Yataka kutenga: pata mnazi mbichi kutoka kwa mgema mwenyewe, Rabai au Kaloleni, si ule uliokaa kutwa, chora kwenye sahani ya aga kwa waya, kisha choma waya uchore tena kutoka pale ulipoishia, mara tatu nne mpaka vipatikane vidoa vilivyo mbali mbali. Kila kidoa ni ukoo mmoja. Chagua vile vyeupe vyenye unene, kila kimoja jagi lake, na uvionje kwa wiki. Vingi ni vibovu. Kimoja ukikipata kizuri basi una hamira ambayo hakuna duka duniani linauza, na mgema naye mpelekee chupa ya kwanza, ni haki yake.

Daftari

Mmoja kati yenu awe na daftari, la karatasi, la simu, lolote. Hamira gani, iko kwa nani, kizazi cha ngapi, mara ya mwisho ilijaribiwa lini. Kila aina ikae nyumba tatu zisizo mtaa mmoja, manake stima ya mtaa yaenda pamoja. Ikipungua nyumba mbili piga simu siku hiyo. Anayechukua mara tatu bila kutoa hata kichupa kimoja msimseme, mpeni kazi ya daftari. Kizazi kikifika cha kumi hivi kwa ale za kawaida rudini kwenye kichupa cha zamani cha maji ya sindano muanze upya, hamira yabadilika polepole na kila mmoja aona yake ndio sahihi mpaka mkutane muonje mbili mbili, na kuonja huko pangeni mapema kabla Ramadhani haijaingia, wenyeji wa nyumba wakiwa na nafasi.